Unga Uleule, Punje Mbalimbali: Kufundisha Kauri za Kisasa Bila Kuanza na Fomula

Katika kufundisha kemia tumezoea kuamini kwamba mwanafunzi aliyekwisha kuijua fomula ya kitu amekwisha kukijua kitu chenyewe. Imani hii ina hasara katika mada nyingi, lakini katika mada ya kauri za kisasa hasara yake ni kubwa zaidi. Hapo fomula haisemi lolote juu ya mambo ambayo mtengenezaji huyahangaikia mchana na usiku, yaani ukubwa wa punje za unga, umbo la punje hizo, na jinsi atomi zilivyojipanga ndani yake. Tunaandika makala haya kuwapendekezea walimu wenzetu njia nyingine ya kuingilia mada hii. Tunaandika pia kwa sababu ya tukio moja lililotupata sisi wenyewe, ambalo hatungependa limpate mkufunzi mwingine wala mwanachuo wake.

Yapata miaka mitatu sasa. Kabla wanachuo hawajatawanyika kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, tulikuwa tumewapa mhadhara juu ya titanati ya bariamu, unga mweupe unaotumika kutengenezea kapasita, vile vipande vidogo vya kuhifadhi chaji ambavyo simu moja ya mkononi huwa navyo kwa mamia. Tuliwaeleza kwamba unga huo waweza kupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya moto mkavu: kabonati ya bariamu huchanganywa na oksidi ya titaniamu, mchanganyiko ukachomwa tanurini kwa halijoto ya zaidi ya digrii 1000 za Sentigredi, kisha ukasagwa. Ya pili ni ile ambayo wataalamu huiita usanisi wa hidrothemali, yaani kuunda kitu ndani ya maji ya moto yaliyofungiwa. Hidroksidi ya bariamu na oksidi ya titaniamu hutiwa pamoja na maji katika chungu kizito cha chuma, kifuniko kikakazwa kwa bolti, na chungu kikapashwa moto, aghalabu kati ya digrii 100 na 250. Unga huzaliwa humo humo majini, ukiwa tayari ni fuwele. Wanachuo waliandika yote hayo katika madaftari yao, nasi tukaona kwamba tumefundisha.

Mmoja wao, kijana mwenye bidii, aliamua kulitumia somo hilo katika Kidato cha Tatu kama mfano wa kemia ya viwandani. Tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa na daftari letu la tathmini. Alisema yote tuliyomwambia, neno kwa neno, mpaka mtoto mmoja alipoinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, ulitufundisha kwamba maji yakichemka hayazidi digrii mia. Sasa haya yamefikaje mia mbili na yangali maji?" Mwalimu wetu alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba hilo watalisoma mbele ya safari. Katika daftari letu tuliandika kwamba alilitawala darasa vizuri. Hatukuandika neno juu ya swali lile, na hilo tunalijutia mpaka leo.

Yeye mwenyewe hakulisahau. Wiki iliyofuata, akitaka kwa moyo safi kumjibu mtoto, alitafuta kopo tupu la rangi, akalijaza maji karibu hadi ukingoni, akagongomea kifuniko chake, akakizungushia waya, akaliweka kopo juu ya jiko la mkaa uwanjani. Watoto alikuwa amewaambia wakae mbali chini ya mwembe, kwa ajili ya jua kali wala si kwa ajili ya hatari. Kifuniko kiliruka. Maji yalimwunguza mkono kuanzia kiganja hadi kiwiko. Tulipokwenda kumwona zahanati hakulalamika, ila alitwambia: "Mwalimu, mlituambia chombo kifungwe. Hamkutuambia kwa nini kiwe kizito." Tulikosa la kumjibu.

Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumetoa maelezo ya upishi bila kueleza sababu yake, na maelezo yasiyo na sababu humwacha msikilizaji huru kubadili chombo. Chungu cha chuma kikawa kopo la rangi, maana katika maneno yetu vyote viwili vilikuwa "chombo kilichofungwa" tu.

Hebu basi tuanze na swali la mtoto. Maji huchemka katika digrii 100 pale tu ambapo kanieneo juu yake ni ile ya hewa ya kawaida, usawa wa bahari. Yakifungiwa, mvuke hauna pa kwenda. Hujilimbikiza juu ya maji na kuyakandamiza, nayo yakazuiwa kuchemka ingawa yanazidi kupata moto. Katika digrii 120 kanieneo ya mvuke huwa kama mara mbili ya ile ya hewa, katika digrii 180 huwa kama mara kumi, na katika digrii 200 hupita mara kumi na tano. Maji huweza kuendelea hivyo, yangali maji, mpaka digrii 374. Kupita hapo tofauti kati ya maji na mvuke hutoweka.

Namba hizi zikiachwa peke yake hazimtishi mtu. Mwalimu yafaa azipeleke kwenye kifuniko. Kifuniko chenye upana wa sentimita 10 kina eneo la sentimita za mraba 78 na ushei. Maji yakifika digrii 120, mvuke hukisukuma kutoka ndani kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo zaidi ya 75, kama kwamba mtu mzima amejikunja koponi akisukuma kwa mgongo. Yakifika digrii 200, msukumo hupita uzito wa tani moja. Isitoshe, maji yenyewe hutanuka. Yakipashwa moto kutoka halijoto ya kawaida hadi digrii 200 huhitaji nafasi zaidi kwa asilimia 15, na ndiyo sababu mafundi wa kazi hii hawajazi chungu kamwe, bali huacha sehemu yake tupu. Kopo lililojazwa hadi ukingoni lilikuwa na makosa mawili, si moja.

Hesabu hii wanafunzi wa Kidato cha Tatu wanaiweza kabisa. Darasa lililoifanya halihitaji kuonywa kwa maneno makali, maana limejionea lenyewe kwa penseli na karatasi. Hata hivyo tunasema waziwazi: chombo kilichofungwa kisiwekwe motoni shuleni, hata kama mwalimu anajiamini. Denis Papin, Mfaransa aliyekionyesha mjini London mwaka 1679 chungu chake cha kulainishia mifupa kwa mvuke, ndiye huyo huyo aliyekibunia vali ya usalama. Mwaka 1845 Mjerumani Karl von Schafhäutl alitumia chungu cha namna hiyo kupata fuwele ndogo sana za kwatzi, na kazi hiyo hutajwa kuwa miongoni mwa mianzo ya usanisi tunaouzungumzia. Sufuria ya presha ya jikoni ni mjukuu wa chungu cha Papin, na ina vali. Inatosha kabisa kuonyesha kwamba maharage huiva upesi zaidi maji yanapopita digrii 100. Zaidi ya hapo, mwalimu asijaribu.

Je, baada ya kuondoa chungu darasani, kunabaki nini cha kufundisha kwa vitendo? Kunabaki sehemu kubwa kabisa ya mada, nayo ni punje.

Sisi sasa huanza na chumvi. Watu wa Uvinza kwa karne nyingi walichemsha maji ya chemchemi zao ili kupata chumvi. Watu wa pwani huyaacha maji ya bahari yakauke kwa jua katika mashamba ya chumvi. Chumvi ni ileile na fomula ni ileile, lakini chumvi iliyochemshwa kwa haraka huwa na punje ndogo, na ile iliyokaushwa polepole huwa na punje kubwa, ile ambayo akina mama huiita chumvi ya mawe. Kila kikundi darasani hupewa mmumunyo mmoja wa chumvi ulioshiba, kikaugawa sehemu mbili. Sehemu moja huchemshwa katika sufuria ya wazi mpaka ikaribie kukauka. Nyingine huwekwa kwenye sahani kivulini kwa juma zima bila kuguswa. Kisha punje hutazamwa kwa lenzi ya mkono. Katika sahani huonekana michemraba yenye kingo zilizonyooka, ambayo hakuna aliyeichonga. Tumewaona wanachuo watu wazima wakigombea lenzi.

Hapa yafaa mwalimu aangalie lugha. Kiswahili cha kila siku husema barafu "imeyeyuka" juani na sukari "imeyeyuka" katika chai, ilhali haya ni mambo mawili mbalimbali. Barafu imegeuka maji kwa joto. Sukari imetawanyika ndani ya kitu kingine. Tumeona faida kulitumia neno kumumunyika kwa jambo la pili, na wala si neno geni: kila mtoto amewahi kumumunya pipi na anajua kwamba pipi haikuyeyushwa na moto. Katika chungu cha hidrothemali hakuna kinachoyeyuka kwa maana ya barafu. Oksidi ya titaniamu humumunyika kidogo kidogo katika maji hayo makali ya hidroksidi, hukutana na bariamu, na titanati hutokea.

Kwa nini basi unga wake ni laini mno? Jibu limo katika chumvi ile ile. Fuwele huanza kwa mbegu, yaani kikundi kidogo cha chembe kilichofanikiwa kujipanga, na kilichobaki majini huja kujishikiza juu yake. Mbegu zikiwa chache, kila moja hupata riziki kubwa na kukua. Zikizaliwa nyingi kwa mara moja, huwa kama watoto wengi kwenye sinia moja, kila mmoja akaambulia tonge. Titanati ya bariamu ni shida mno kumumunyika katika maji hayo, kwa hiyo mara inapoanza kutokea huzaliwa mbegu nyingi ajabu kwa pamoja. Mtengenezaji akibadili kiasi cha bariamu, halijoto au muda, hubadili idadi ya mbegu na ukubwa wa punje. Moto mkavu haumpi uwezo huo kwa wepesi. Punje zilizochomwa hushikana, lazima zisagwe, na kinu huzivunja ovyo, nyingine kubwa, nyingine ndogo, zenye pembe za kila namna.

Wanafunzi huuliza ulaini wote huo ni wa nini. Mfano wetu ni ukuta. Katika kapasita za leo unga huu hupangwa kwa matabaka, mengine membamba kuliko mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Tabaka la nusu mikromita likijengwa kwa punje za nanomita 100, zitaingia punje tano tu katika unene wake. Punje moja kubwa iliyopotea njia yaweza kupenya ukuta mzima na kuuharibu. Wafinyanzi wanaelewa habari hii bila maelezo marefu. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kwenye Ziwa Nyasa, hawangojei jiwe lililosahauliwa ndani ya udongo lipasue chungu motoni, bali hulitoa mapema kwa vidole.

Ndipo sasa, na si kabla, tunapoifikia fomula. Tunawaambia wanachuo wafinyange vidonge vya udongo vya rangi tatu na kuvishikanisha kwa vijiti kuwa mchemraba. Bariamu nane hukaa pembeni, oksijeni sita katikati ya nyuso, na titaniamu moja katikati ya chumba. Kisha tunauliza: chumba hiki kina bariamu ngapi zilizo zake peke yake? Wengi hujibu nane. Tunawarudisha kwenye nyumba za kupanga. Ukuta kati ya vyumba viwili si wa mpangaji mmoja, bali ni nusu kwa nusu; na pembe ya chumba katika ghorofa huweza kuwa ya vyumba vinane, vinne chini na vinne juu. Basi bariamu nane hugawanywa kwa nane na kuwa moja, oksijeni sita hugawanywa kwa mbili na kuwa tatu, titaniamu hubaki moja. Fomula imejitokeza yenyewe kutokana na chumba, na mwanafunzi aliyeipata hivyo hatasahau kwa nini oksijeni ni tatu. Upande wa chumba hiki ni kama nanomita 0.4. Punje ya nanomita 100 ina vyumba 250 kila upande, yaani zaidi ya milioni 15 kwa jumla, na bado hakuna jicho liwezalo kuiona.

Mpangilio huu ulipewa jina la madini ya perovskite, yaliyogunduliwa katika milima ya Urali mwaka 1839. Ule wa titanati ya bariamu ulichunguzwa kwa eksirei na Helen Megaw, mtaalamu wa kike aliyeutangaza mwaka 1945. Jambo la ajabu ni kwamba chini ya digrii 120 hivi titaniamu haikai katikati hasa. Huegemea upande mmoja, na chumba hunyooka upande huo kwa asilimia moja tu. Uegemeo huo mdogo ndio unaoufanya unga huu uwe na thamani katika umeme. Unga ule wa majini, punje zake zikiwa ndogo sana, mara nyingi huonekana katika eksirei kama mchemraba kamili hata katika halijoto ya kawaida, kana kwamba titaniamu imerudi katikati. Tena maji huacha alama yake: ioni za hidroksidi hunaswa ndani ya fuwele, na unga ukichomwa baadaye hutoka na kuacha vitundu. Tunayataja haya kwa sababu wako wanaoisifia njia ya maji kana kwamba haina dosari. Ina dosari zake, na mwanafunzi anastahili kuambiwa.

Kuhusu eksirei, shule zetu hazina mtambo wake, wala hatuuombi. Ila tangu Max von Laue na wenzake walipoonyesha mwaka 1912 kwamba fuwele hutawanya eksirei kwa mpangilio, kanuni yenyewe imebaki ile ile, na yaweza kuonekana usiku kwa mwavuli. Mwanachuo atazame taa ya mbali kupitia kitambaa cha mwavuli uliofunguliwa. Ataona madoa ya mwanga yaliyojipanga kwa msalaba. Akipata kitambaa kilichofumwa kwa karibu zaidi, madoa huachana zaidi. Kutokana na nafasi za madoa twajua nafasi za nyuzi tusizoziona. Ndivyo wataalamu wanavyojua nafasi za atomi. Debye na Scherrer walionyesha mwaka 1916 kwamba hata unga, si fuwele kubwa peke yake, huweza kusomwa hivyo, na mistari ikipanuka ni dalili mojawapo ya punje kuwa ndogo.

Wako wenzetu watakaosema kwamba haya ni mambo ya viwanda vya Japani na kwamba mtoto wa kijijini hana haja nayo. Hatukubaliani nao. Mtoto wa Geita anayeona wachimbaji wadogo wakiponda mawe meupe ya kwatzi yenye dhahabu anatazama kazi ya maji ya moto yaliyofungiwa chini ya ardhi zamani sana. Neno hidrothemali lenyewe wanakemia waliliazima kwa wanajiolojia. Wengine watasema mtihani huuliza fomula, hauulizi sahani ya chumvi. Hoja hii ni nzito zaidi na hatuipuuzi, maana mwanafunzi asiyefaulu hatatushukuru kwa lenzi. Lakini hesabu ya pembe na nyuso huchukua kipindi kimoja. Kukariri fomula asizozielewa humchukua mwanafunzi muhula mzima, na wiki moja baada ya mtihani hana alichobaki nacho.

Kijana wetu alipona, ingawa kovu limebaki, na sasa anafundisha. Alituruhusu kusimulia habari yake bila jina. Kila mwaka, kabla ya mazoezi ya kufundisha, tunaweka mezani kifuniko cha kopo la rangi, tunawapa wanachuo rula na namba za kanieneo, nao wanakokotoa wenyewe kabla hatujasema neno.

Bado tuna tatizo moja lisilotatuliwa. Wakati wa masika hewa ina unyevu mwingi, na sahani za chumvi zilizowekwa kivulini hazikauki kwa juma moja wala mawili. Zikipelekwa karibu na jiko hukauka upesi mno na punje kubwa hazipatikani. Tumejaribu kuziweka ndani ya sanduku pamoja na mkaa uliokaushwa vizuri, lakini mafanikio yalikuwa haba. Mwalimu yeyote aliyepata njia nyepesi kwa miezi hiyo tunamwomba aiandike katika kurasa hizi, pamoja na vipimo vya sahani na kiasi cha maji alichotumia.